Wiki Tuliyokuwa Serikali

Enzi zetu, sisi watoto wa Endasak, ngano tuliiona zaidi ya kuila. Ukipanda kidogo kwenye mteremko wa Hanang, nyuma ya shamba la mahindi la baba, ukatazama chini, ilikuwa ngano tu mpaka macho yanachoka. Mashamba ya serikali hayo. Mwezi wa sita ilipokuwa imeiva, nchi nzima kule chini iligeuka rangi ya samli. Na bado mkate nyumbani kwetu uliingia Krismasi na Pasaka tu, na siku ukiingia, mama aliukata mwenyewe huku ametukazia macho kama hakimu. Siku nyingine zote ni makande, au ugali na maziwa ya mgando. Kombaini zikishavuna tulikwenda kuokota masalia, tukatafuna punje mbichi mpaka zikawa ulimbo mdomoni. Hiyo ndiyo bigijii yetu, na ilidumu kutwa nzima. Wajukuu zangu leo wanatafuna za dukani, zenye ladha ya matunda wasiyowahi kuyaona mtini, na kabla hujamaliza kuwasemesha wameshazitema.

Nilikuwa darasa la saba. Msidhani darasa la saba la siku hizi, la watoto wanaovalishwa soksi na mama zao. Sisi tulikuwa wasichana wakubwa, wengine tumeshaanza kutazamwa na wazee wenye vijana wa kuoza. Mwalimu wetu wa Siasa aliitwa Mwalimu Mwanaidi, mtu wa Tanga, aliyeletwa kwetu na serikali bila kuulizwa kama anapenda baridi. Alivaa sweta mbili na juu yake khanga, akafundisha mikono ikiwa kwapani. Lakini alikuwa na moto ndani yake. Aliona wavulana wana mgambo, wana mpira, wana skauti, sisi tuna ufagio. Akaenda ofisi ya kata, akarudi, akaenda tena, mpaka walipochoka kumwona wakamruhusu: likizo ya mwezi wa sita, wasichana wa darasa la saba wa shule zetu watakutana wiki nzima shuleni kule Getanuwas, wafundishwe serikali inavyofanya kazi.

Baba aliposikia aliweka kikombe chini. "Msichana na serikali, wapi na wapi?"

"Mwache Martina aende," mama akasema. "Labda atarudi anajua kufagia ofisi." Kisha akanipa ndoo yake ya bati, ile nzuri, kwa sababu kila msichana alitakiwa aje na ndoo, mahindi na maharage. Wenzangu wa umri wangu mnakumbuka ndoo ilikuwa nini enzi zile, maduka yakiwa matupu hata kiberiti kinatafutwa kwa kujuana. Mama alinishika sikio, si kwa nguvu, akaniambia, "Ndoo hii isiporudi, na wewe usirudi."

Tulikwenda juu ya trela la trekta, tunaimba, vumbi likatufanya sote rangi moja. Tulilala madarasani juu ya majani makavu na mablanketi. Asubuhi ya kwanza Mwalimu Mwanaidi alitupanga chini ya jua, akasema hatatusimamia. Tutajisimamia wenyewe. Tutachagua mwenyekiti wa kijiji, katibu, kamati ya chakula, kamati ya ulinzi na kamati ya maji, na kijiji hicho ndicho sisi. Nilichaguliwa mwenyekiti. Ningependa kusema ni kwa hekima, lakini ilikuwa kwa sauti. Nilikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe kutoka ng'ambo ya korongo.

Kamati ya maji tulimpa Udameda. Huyu alikuwa msichana wa hapo hapo Getanuwas, wa Kidatoga, mrefu, mkimya, na alikuja na kibuyu kikubwa cha bibi yake mahali pa ndoo. Sisi Wairaqw tulikuwa wengi, Wadatoga walioko darasa la saba ukiwatafuta ulimpata yeye tu. Alikuwa anajua kisima kilipo. Tulidhani hiyo ni sababu ya kutosha.

Siku ya pili tukagundua serikali yetu ina tatizo. Kisima kilikuwa upande wa pili wa shamba la ngano. Zamani, Udameda alituambia, njia ilinyooka toka kwao hadi kisimani, ng'ombe na akina mama walipita humo tangu bibi yake alipokuwa msichana. Trekta zilipokuja zikailima pamoja na vingine. Sasa ilibidi kuzunguka shamba lote. Kamati ya maji iliondoka alfajiri, ikarudi jua likiwa utosini, midomo imekauka na nusu ya maji yamemwagika. Makande yakawa hayajainjikwa. Wasichana wakaninung'unikia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyepanda ngano.

Ndipo Udameda aliponieleza jambo lake, tunapukusa maharage wawili peke yetu. Hivyo ndivyo anavyochota maji kwao kila siku. Akifika shuleni wenzake wanafunga vitabu. Baba yake alikuwa amemwambia, "Kama shule yako inaanza mchana, hiyo si shule." Wiki hii ameachiwa kwa sababu bibi yake, mama mzazi wa baba, alimwombea. Ikiisha, anabaki nyumbani. Mtihani wa darasa la saba hataufanya.

"Na wewe unataka kuufanya?" nikamuuliza.

"Nimesoma miaka yote hii nikichelewa," akasema. "Nataka siku moja tu nifike mapema."

Sijawahi kusahau sentensi ile. Nilikuwa ninaichukia shule kidogo, kama mtoto yeyote mwenye shule karibu, na siku ile niliona aibu.

Basi tukafanya kama tulivyofundishwa. Mwalimu Mwanaidi alikuwa ametuchorea ubaoni ngazi: chini balozi wa nyumba kumi, juu yake kijiji, kata, tarafa, wilaya, mkoa, mpaka taifa. Tatizo, alisema, hupanda ngazi hii. Mimi na katibu wangu tukaenda kwa balozi. Akatusikiliza vizuri, akatupa maziwa, akasema shamba si lake. Tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, yule wa kweli. Akatusifu kwa nidhamu, akasema shamba si la kijiji, ni la taifa. Tukamuuliza taifa liko wapi. Akaonyesha kwa kidevu upande wa mashariki, mbali huko.

Jioni hiyo somo lilikuwa mali ya umma. Mwalimu Mwanaidi akauliza, "Shamba la ngano ni mali ya nani?"

"Ya serikali!"

"Serikali ni nani? Ni jengo? Ni gari?" Akatuzungushia kidole sote. "Serikali ni ninyi. Ninyi hapa mlipo. Mali ya umma ni mali yenu."

Maskini, alikuwa anafundisha tu. Hakujua anaongea na watu wenye kiu. Mimi na Udameda tulitazamana, na asubuhi kamati ya maji nzima, mwenyekiti akiwa mbele, ilishika mstari mmoja ikaingia katikati ya ngano. Tulipita kwa adabu. Tulifuata pale Udameda alipokumbuka njia ya bibi yake, mguu mbele ya mguu, tusivunje mashuke bure. Hatukuwa wezi. Tulikuwa serikali inakwenda kuchota maji.

Tulifika kisimani jua bado changa, tukacheka, tukajaza. Wakati wa kurudi, katikati ya shamba, tukasikia filimbi. Mlinzi wa shamba alikuwa kijana wa Kidatoga wa hapo hapo, mwenye koti kubwa la kazi na baiskeli. Nikamweleza kwa sauti yangu ile ile kwamba shamba ni letu. Akaniuliza ni nani kasema. Nikasema Mwalimu. Akamwaga maji yote, akakusanya ndoo, ya mama ikiwa ya kwanza, na alipofika kwa Udameda akamvua kibuyu mgongoni akakifunga kwenye baiskeli. "Mtavifuata ofisini na wazazi wenu," akasema. Alikuwa ametumwa, na mtu aliyetumwa haoni alichoshika.

Nililia njia nzima. Nilishajiona ninahamia kwa shangazi yangu kule Gehandu maisha yangu yote, kwa kuwa kwetu sina ndoo ya kurudia. Wenzangu walilia pia. Udameda hakulia. Alisema tu, polepole, "Amekishika kibuyu cha bibi." Tukamwambia na sisi ndoo zetu zimeshikwa. Akatikisa kichwa, kwamba hatujaelewa, akaomba ruhusa akaenda kwao.

Mwalimu Mwanaidi hakutupiga. Alikaa juu ya jiwe akashika kichwa. Kesho yake ilikuwa siku ya kufunga, mgeni rasmi ni Katibu Tarafa, na sisi tulitakiwa kumwigizia mkutano wa hadhara wa kijiji, wenye maswali tuliyoyakariri na majibu tuliyoyakariri. Sasa kijiji chake kilikuwa kimekamatwa kwenye ngano ya taifa. "Wanangu," akasema, "mmenielewa kupita kiasi."

Asubuhi Katibu Tarafa alifika na Landrova. Tukaimba. Kidumu Chama, kidumu. Alikuwa mtu mpole mwenye kofia ya kijani, akaketi mezani penye kitambaa na maua ya kopo. Nilisimama kufungua mkutano wangu wa kukariri, na hapo ndipo nilipoona wanakuja.

Walikuja wanawake wa Kidatoga, kundi zima, sketi za ngozi na vikuku vya shaba vinalia, kila mmoja na fimbo mkononi. Hawakukimbia, hawakupiga kelele. Mbele alikuwa bibi yake Udameda, mwembamba, mgongo umenyooka. Walifika kati ya meza na sisi, wakaketi chini. Kwa desturi yao, mwanamume akimkosea mwanamke katika mambo ya wanawake, haendi kuhukumiwa na wanaume wenzake. Wanawake wanakaa kikao, na kikao kikishakaa hakiinuki mpaka mkosaji atoe ng'ombe dume mweusi. Asipotoa, wanamlaani, na hakuna kijana wa kwao anayetaka laana ya mama zake. Haya nilikuja kuyajua siku ile, sikuyaona kwenye ngazi ya ubaoni. Wanaume wao walikuwa wamesimama mbali, fimbo mabegani, mmoja wao baba yake Udameda.

Katibu Tarafa akainama kwa Mwalimu. "Hawa kina mama wamo kwenye ratiba?"

Mwalimu Mwanaidi angeweza kupoteza kazi kwa jibu lake, mtu wa mbali, hana ndugu wa kumtetea. "Hawamo, Ndugu Mgeni Rasmi," akasema. "Lakini somo la leo ni mkutano wa hadhara. Bila wao tungeigiza tu."

Bibi alianza kusema, kwa Kidatoga. Katibu Tarafa hakijui, Mwalimu hakijui, mwenyekiti wa kijiji alikijua cha kununulia mbuzi. Wote tukageuka kumtafuta mtu. Udameda alisimama, mikono imeshika sketi ya shule, akaenda akasimama kati ya bibi yake na meza.

"Bibi anasema," akaanza, sauti ndogo, "anasubiri salamu yake. Wewe ndiye mdogo."

Wasichana tulishika midomo. Katibu Tarafa akavua kofia. "Shikamoo, bibi."

Bibi akaitikia, kisha akasema tena, maneno marefu. Udameda akamsikiliza, akatazama chini, akatutazama sisi. Nilijua anatafuta njia ya kuyalainisha. Hakuyalainisha.

"Anasema hajaja kuomba. Amekuja kuhukumu. Kijana yule ameshika kibuyu cha mwanamke asiye wa nyumba yake, akamwaga maji ya watoto. Kijana ana ng'ombe. Atalipa."

Mlinzi alikuwa amesimama pembeni na baiskeli yake, koti lote limemshuka. Akaitikia kwa kichwa kabla hajaulizwa.

"Lakini bibi anasema kijana alitumwa. Aliyemtuma ni serikali. Bibi akamtafuta huyo serikali ili alipe ng'ombe wake." Udameda akavuta pumzi. "Anasema serikali haina ng'ombe mweusi. Basi ilipe njia."

Katibu Tarafa alitaka kucheka, nikaona, akaacha. Aliwatazama wale wanawake waliokaa, na bila shaka aliona kwamba hawataondoka leo wala kesho. Akamuuliza Udameda njia ilikuwa wapi. Akamweleza, na hapo hakuwa anatafsiri tena. Alisema njia ilikuwa ya ng'ombe, ya akina mama, na ya yeye kuwahi shule. Alisema yote aliyoniambia tukipukusa maharage, isipokuwa la baba yake, maana baba yake alikuwa anasikia.

Meneja wa shamba aliitwa, akaja amekunja uso, wakazungumza na Katibu Tarafa kando ya Landrova kwa muda mrefu. Sisi tulikaa na akina mama, hakuna aliyetuambia tukae nao. Nilikaa karibu na bibi mmoja aliyenukia moshi na siagi, akanishika mkono akaugeuza, akatazama kiganja changu kama anapima kama kinaweza kazi. Kisha mazungumzo yakaisha, na mchana huo huo kombaini ilitolewa ikaingia shambani kabla ya siku yake, ikanyoosha mstari mmoja tu toka upande wetu hadi kisimani. Tuliikimbilia nyuma, wasichana, akina mama, watoto, tunaokota mashuke yaliyodondoka, mabua mapya yanatuchoma miguu. Sijawahi kuona furaha ya namna ile kwenye sherehe yoyote ya kitaifa, na nimehudhuria nyingi. Tukakata matawi ya minyaa kwenye maboma, tukayachomeka kila upande wa njia ili trekta isijisahau mwaka wa pili.

Kibuyu kikarudi, na ndoo zikarudi, ya mama imebonyea kidogo.

Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwa baba yake Udameda. Alikuja mpaka kwa Mwalimu Mwanaidi, akasimama, anatazama pembeni, kama wafanyavyo wanaume wakitaka kusema jambo linalowagharimu. Kiswahili chake kilikuwa kizito. "Mama yangu amezungumza na serikali," akasema. "Angezungumza kwa mdomo wa nani?" Akasogeza fimbo begani. "Huo mtihani ni lini?"

Aliufanya. Wenzake walinisimulia kwamba siku ya mtihani alifika kabla ya mwenye funguo, akaketi mlangoni. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, maana enzi zile nafasi zilikuwa chache kuliko mvua, darasa zima linasoma anakwenda mmoja. Kwetu Endasak nilikwenda mimi. Sina uhakika kama nilimzidi akili. Nina uhakika nilimzidi ukaribu wa maji.

Nimefanya kazi serikalini mpaka nimestaafu. Nimekaa semina nyingi za uongozi, zenye chupa za maji mezani na mabango ya rangi, na vijana wanaotuonyesha utawala bora ukutani kwa mashine. Wanajua haki zao kwa vifungu. Bomba la mtaa likikatika wanapiga picha, wanaituma kwenye kundi la simu, wanaweka vikatuni vya kulia, kisha wanangoja. Ukiwaambia waende wakakae mlangoni kwa mhusika wanakuuliza kama kuna posho. Siwacheki sana. Nasi tungekuwa na simu, nadhani tungeishia kupiga picha ngano.

Mwaka jana nilikwenda msiba Getanuwas. Mashamba ya serikali hayapo tena, kombaini zimekufa zimeota kutu, watu wanalima mahindi yao na kuchunga ng'ombe wao. Mwalimu Mwanaidi alirudi Tanga zamani, sijui kama yu hai. Bibi alikwenda siku nyingi. Nilimkuta Udameda ameketi na wanawake wenzake, fimbo mkononi, mgongo umenyooka vile vile, naye ndiye anayesikilizwa. Aliponiona hakuniita jina. "Mwenyekiti," akasema, "umenenepa."

Tukatembea wawili mpaka kwenye njia. Minyaa imekuwa miti, imekutana juu, kuna kivuli. Bodaboda ilipita, kisha ng'ombe, kisha wasichana wa shule, sare safi, wanatembea taratibu kwa kuwa hawajachelewa. Wakatupa shikamoo. Nikamwita mmoja nikamuuliza, njia hii imetoka wapi, ni ya nani?

Mtoto akatutazama sisi wazee wawili, akashangaa swali lenyewe.

"Ni ya serikali, bibi."

Udameda alinishika mkono. Hatukumsahihisha.